Mama Alivyonyang'anywa Mwiko

Mama yangu alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana mjini Kajiado, na kwa muda mrefu watu walimsifia ugonjwa wake. Hakuna aliyejua kwamba ni ugonjwa, hata yeye mwenyewe. Aliinua sufuria kubwa za githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kutoka motoni bila kitambaa. Kaa la moto likidondoka sakafuni aliliokota kwa vidole na kulirudisha jikoni, huku akiendelea kuzungumza. Wapishi wenzake, wanaume wawili wenye nguvu zao, walisema ana mikono ya chuma. Naye alicheka. Mwanamke aliyetoka magharibi, karibu na mpaka wa Uganda, akaja kupikia mamia ya wasichana katika nchi ya Wamaasai, alistahili kuwa na mikono ya chuma.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule hiyo hiyo, kwa sababu watoto wa wafanyakazi walipunguziwa karo. Baba alikuwa dereva wa idara ya maji. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya jiko, mahali ambapo moshi wa kuni uliingia mpaka kwenye sare zangu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini.

Mabaka yalianza mgongoni na kwenye mkono wa juu, meupe kidogo kuliko ngozi yake, hayawashi wala hayaumi. Zahanati ilimpa mafuta ya choa. Mabaka yalipokataa kuondoka, mhudumu mwingine akasema ni sabuni anayooshea vyombo. Mama wa maombi akasema kuna mtu wa nyumbani anayemtendea ubaya. Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilitolewa haraka. Baadaye kidole cha mwisho na jirani yake vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, akawa anaushika mwiko kwa vidole vitatu na kiganja. Tukasema ni baridi yabisi.

Jioni moja alirudi nyumbani, akaketi, akaanza kuniuliza kuhusu mtihani. Baba akainua kichwa akasema, "Kuna kitu inaungua." Tukaangalia jiko letu dogo, lilikuwa limezimwa. Harufu ilikuwa inatoka kwa Mama. Nyama ya kidole gumba chake ilikuwa imeungua na kufanya malengelenge, nyingine imeshaanza kubanduka, na yeye alikuwa ananieleza nisome hesabu kwanza kabla ya Kiswahili.

Ndipo Baba alipompeleka kwa daktari wa ngozi aliyekuja hospitalini Kajiado mara moja kwa mwezi. Nilienda nao, kwa sababu Mama alitaka mtu wa kumtafsiria iwapo daktari angeongea Kiingereza. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, na hakuongea Kiingereza hata kidogo. Alichukua pamba, akaivuta mpaka ikawa na ncha nyembamba kama uzi.

"Mama, funga macho. Nikikugusa, nionyeshe na kidole mahali nimegusa."

Mama akafunga macho. Daktari akapitisha ile pamba juu ya baka la mkono, akairudia, akahamia la pili, akaja kwenye kiganja. Mama alikaa wima, kidole cha mkono mwingine kikiwa tayari kuonyesha. Alingoja sana. Mwishowe akasema kwa upole, "Daktari, unaanza lini?"

Baba aligeuka akaangalia ukuta.

"Ni ukoma," daktari akasema. Alilisema neno hilo kwa sauti ile ile ambayo angesemea malaria.

"Hiyo si ilikwisha zamani?" Baba akauliza.

"Haikuisha. Ni watu tu waliacha kuitafuta. Lakini iko na dawa, na dawa ni ya bure. Mama ameze bila kuruka. Akianza dawa, baada ya siku chache hawezi kuambukiza mtu yeyote. Mnanisikia? Mtu yeyote. Mkule pamoja, mlale pamoja. Hii mishipa imekufa siwezi kuirudisha, lakini ugonjwa wenyewe utaisha."

Akatupima na sisi, mgongo, mikono, miguu. Hatukuwa na kitu. Tulipotoka, Baba alitembea mbele kidogo, akasimama karibu na lango akatungoja. "Hii maneno," alisema, "tusiambie mtu."

Nimeyawaza sana maneno hayo. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimchemshia Mama maji ya kuoga kila asubuhi tangu siku ile, akiyapima joto kwa kiwiko chake mwenyewe ili asiungue. Lakini alidhani kunyamaza ni ukuta, kumbe ilikuwa ni pazia tu. Zile dawa zilimfanya Mama awe mweusi kwa rangi isiyokuwa yake, nyeusi yenye wekundu ndani, na watu wa Kajiado walikuwa na macho. Isitoshe, benchi ya kile chumba cha dawa za ukoma hospitalini ilijulikana. Mtu fulani alimwona ameketi pale, akamwambia mtu fulani.

Siku habari zilipofika bwenini, ilikuwa zamu ya wali na maharagwe, chakula tulichokuwa tukikimbilia. Tuliingia ukumbini tukapanga foleni, tukapakuliwa, tukaketi. Halafu msichana mmoja wa kidato cha nne akasimama na sahani yake, akaenda mlangoni, akaumwaga wali wote kwenye pipa la makombo. Hakusema neno. Akafuatwa na meza yake, kisha meza iliyofuata. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya vijiko vikikwaruza sahani, kwaru, kwaru, na wali ukianguka juu ya wali. Mama alikuwa kwenye dirisha la kupakulia, mwiko mkononi, akiona. Watoto aliowapikia tangu wakiwa kidato cha kwanza.

Nilikula sahani yangu yote, nikaenda dirishani kuomba nyingine. Mama alinipakulia bila kuniangalia. Nilirudi nikaketi kwenye meza iliyokuwa tupu, nikala tena.

Naomba nieleze vizuri kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na haijawahi kupata mahali pa kutua.

Yule daktari aliposikia, alikuja shuleni mwenyewe. Hakutumwa na mtu. Aliomba wafanyakazi na walimu wakusanyike katika chumba cha walimu, akaeleza yote: kwamba mtu aliye kwenye dawa haambukizi, kwamba wengi wetu miili yetu inaushinda ugonjwa huu hata tukikutana nao, kwamba hauji kwa laana wala kwa damu ya ukoo. Kisha akaomba chai na mkate kutoka kwa mkono wa Mama, akala mbele ya wote, akamshika mkono ule uliojikunja akautikisa. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye heshima zake, akatoa shukrani ndefu.

Daktari alipoondoka, mwalimu mkuu akamwita Mama ofisini. Mimi nilingoja nje kwenye veranda, dirisha likiwa wazi.

"Mama, mimi kama mimi sina shida na wewe," alisema. "Nimeelewa kabisa. Lakini wazazi..."

Siku ya wazazi kutembelea watoto, nikajipa moyo nikamwendea mama mmoja niliyemfahamu, aliyekuwa katika kamati. Nikamsalimia, nikamuuliza kama ni kweli wazazi wamekataa chakula cha Mama.

"Sisi? Sisi hatuna shida," akasema. "Ni watoto ndio wameogopa."

Nikaenda bwenini nikawauliza watoto. Rafiki yangu wa darasani alisema yeye hana shida, ni wale wa kidato cha nne. Wa kidato cha nne walisema wao hawana shida, ila mpishi mwenzake ndiye aliyesema asiguse mboga. Mpishi mwenzake, yule aliyekuwa akimwita mikono ya chuma, aliapa kwa Mungu kwamba yeye ni ndugu wa Mama na hana shida hata chembe, amri imetoka ofisini.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimezunguka shule nzima nikimtafuta mtu mwenye shida na mama yangu, na hakuwepo. Na bado Mama alikuwa hapiki.

Aliyemtoa jikoni, siku ile ile aliyoitwa ofisini, alikuwa msimamizi wa chakula. Alimwambia avue aproni aitundike. Kisha akakata kipande cha gazeti, akakitumia kuushika mwiko, ule mrefu wa mti wa mzeituni ambao Mama alitoka nao nyumbani, akauingiza motoni chini ya sufuria. Mama alisimama akauangalia ukishika moto. Tangu siku hiyo alipewa ufagio. Alifagia uwanja wa shule mpaka mkataba wake ulipokwisha, na haukuandikwa mwingine. Alimaliza dawa zake zote bila kuruka hata moja. Daktari alimwambia amepona. Alipotuletea habari hiyo nyumbani, sikumbuki kama tulifurahi. Nakumbuka Baba akisema, "Sasa tumwambie nani?"

Mwishoni mwa miaka ya tisini Baba alihamishiwa Kitengela. Mji ulikuwa ndio unaanza kupanuka. Vumbi la saruji lilitoka upande wa Athi River, ng'ombe walipita barabarani katikati ya malori ya mchanga, na kila aliyepata kipande cha ardhi alijenga vyumba vya kupangisha. Tulipanga katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, mfereji mmoja wa kuteka maji katikati, choo mwishoni. Majirani walikuwa watu wa mishahara kama sisi, waliofanya kazi viwandani au waliokwenda Nairobi kila alfajiri. Hakuna aliyetujua. Mama alisalimiana na watu tena. Alikuwa na vidole vilivyojikunja na kidole gumba kifupi, akiulizwa alisema ni ajali ya moto, na hakuwa anadanganya sana.

Ilikuwa raha ya miezi michache. Mwanamke mmoja akahamia chumba cha mkabala, na binti yake alikuwa amesoma ile shule ya Kajiado.

Hawakutusemesha vibaya. Laiti wangetusemesha. Walianza kuusugua mfereji kwa sabuni kila Mama alipomaliza kuteka maji. Kamba ya nguo ikagawanywa, kipande cha mwisho karibu na choo kikaachwa kitupu, tukaelewa kuwa ni chetu. Kisha kukawa na kufuli mpya kwenye choo, na kila chumba kikawa na ufunguo isipokuwa chumba chetu. Nilimwendea mwenye ploti, mzee wa watu, muumini mwenye sauti ya chini.

"Mimi sina shida na nyinyi," akasema. "Mnalipa vizuri, hamna kelele. Ni wapangaji wananisumbua."

"Ni mpangaji gani?"

"Eh, si vizuri kutaja mtu."

Tulihama. Tukapata ploti nyingine upande wa pili wa barabara ya Namanga, na habari zikavuka barabara baada yetu, kama kuku anayefuata mtama.

Kilichonichoma zaidi ni Mama mwenyewe. Alianza kutembea na kikombe chake. Kikombe cha bati cha kijani, alikiweka ndani ya mkoba pamoja na Biblia. Tukialikwa mahali, chai ikimiminwa, alikitoa kabla mtu hajafikiria. Nilimkemea.

"Unawafundisha vibaya. Wewe ni mzima. Daktari alisema."

"Ukibeba kikombe chako," alinijibu, "hakuna mtu wa kukunyima kikombe."

"Lakini unakubaliana nao!"

"Mimi nakunywa chai," akasema. "Wewe ndiye unapigana."

Mtu pekee aliyeketi nyumbani kwetu akanywa chai kwa vikombe vyetu bila kufikiri alikuwa mama mmoja Mmaasai aliyetuletea maziwa. Sitaki kumfanya malaika. Aliongeza maji kwenye maziwa, akagombana na kila mteja wake, nasi tukiwemo. Lakini kila asubuhi alimsalimia Mama kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," akimshika mkono wowote uliokuwa karibu, na Mama akaitikia "Iko" kama aliyezaliwa Bisil kwa Wamaasai. Siku moja aliuliza vidole vimefanya nini. Mama, sijui kwa nini siku hiyo, akamwambia ukweli. Yule mama akavitazama, akavigeuza, akauliza kama vinauma wakati wa baridi. Halafu akaomba sukari zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi hapo Kitengela. Tulikuwa tukisali katika kanisa la mabati lililokuwa likijengewa ukuta wa mawe. Mchungaji wetu alipenda kuhubiri juu ya ukoma wa dhambi. Dhambi inakula kidole kimoja, alisema, kisha cha pili, na mwenye ukoma hasikii, anacheka huku anaoza. Alikunja vidole vyake mwenyewe akatembea akichechemea madhabahuni. Watu walicheka. Mama alikuwa safu ya tatu, mikono ndani ya leso.

Nilimfuata mchungaji baada ya ibada. Akanishika bega. "Mwalimu, huo ni mfano tu. Hata Biblia inautumia. Sikuwa nasema mama yako."

"Ni nani mwingine hapa kanisani ako na ukoma ulikuwa unamsema?"

"Mama yako alipona. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake."

Alikuwa anajua, basi. Alikuwa anajua wakati wote.

Kanisa la mawe lilipokamilika, ikapangwa sherehe kubwa ya ufunguzi, na akina mama wakapewa kazi ya kupika. Wageni wangetoka mpaka Loitokitok. Wanawake wetu walikuwa walimu, makarani, wauguzi, wake wa watu wa ofisini, hodari wa kupikia watu sita. Walikodisha sufuria ambazo mtu angeweza kuogea ndani yake. Mama alikuja mapema akiwa amejifunga leso mbili. Mwenyekiti wa akina mama akamlaki kwa tabasamu.

"Mama, wewe umechoka. Keti hapo kwa kivuli upumzike."

"Sijachoka," Mama akasema.

"Hata hivyo."

Akawekewa kiti cha plastiki nje ya kibanda cha mabati kilichojengwa kuwa jiko. Akakaa. Pale kitini, mwanamke aliyepikia mamia ya watu kila siku kwa miaka na miaka akatazama mchele ukimwagwa ndani ya maji ambayo hayajachemka, kuni mbichi zikisukumwa chini ya sufuria kwa pamoja mpaka moto ukazimika, ukawaka upande mmoja, ukaunguza. Kila alipofungua mdomo aliambiwa apumzike. Kufikia saa nne, pilau ilikuwa uji juu na mkaa chini, na harufu ilikuwa imefika kwenye viti vya wageni. Mwenyekiti alikuwa karibu kulia. Mama akasimama, akasogea, akasema tu, "Toeni kuni za huku. Mfunike na sinia na juu yake muweke makaa," akanyoosha mkono kuchukua mwiko.

Mwenyekiti akauvuta mwiko nyuma. Hakufikiri. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Wote tuliona.

Nikasikia sauti yangu ikisema kwa nguvu, "Ni nani hapa ako na shida na mama yangu?"

Mwenyekiti akatupia jicho viti vya wageni.

"Nauliza. Kama kuna mtu ako na shida, asimame aseme mimi ndiye. Si wageni, si watoto, si wale wengine. Mimi. Nataka nimwone kwa macho."

Wanawake wakaangalia sufuria. Mmoja akaanza kukatakata kitunguu kilichokuwa kimeshakatwa. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, jameni, hakuna mtu ako na shida."

"Basi mpe mwiko."

Hakumpa. Alisimama nao tu, umeelekea chini, ukidondosha wali. Nami nilikuwa namwangalia yeye, kwa hiyo sikumwona Mama akikunja leso yake. Nilipogeuka alikuwa ameshafika lango, akitembea kwa mguu wake mmoja uliokuwa umeanza kuwa na kidonda kwenye unyayo, bila kuharakisha.

Nilimkuta nyumbani akichambua maharagwe.

"Nilikutuma?" aliniuliza.

"Hapana, lakini..."

"Nilikutuma unisimamishe mbele ya watu kama mbuzi wa mnada?"

"Walikuwa wanakuonea!"

"Wao wamenionea miaka hii yote, na najua kukaa nao. Wewe leo umewaambia wageni wa Loitokitok wote mimi ni nani. Kama ni ya kuambiwa watu, ni mimi nitasema. Ni mwili wangu."

Bado naamini nilikuwa na haki. Nilimwambia hivyo, tukakaa karibu wiki nzima tukiongea mambo ya chumvi na sabuni tu. Lakini neno lake lile la mwisho lilimfanyia kazi yeye kuliko lilivyonifanyia mimi.

Baba alikuwa amestaafu, na Kitengela yote ilikuwa inajengwa. Kila upande kulikuwa na mawe ya kuchongwa na vibarua wenye njaa. Asubuhi moja Mama alienda mahali palipokuwa panachimbwa msingi wa nyumba ya ghorofa, akamtafuta msimamizi wa mafundi. Nilikuwa nimefunga shule, nikamfuata kwa mbali nikidhani anaenda zahanati. Alisimama mbele ya wale wanaume wakiwa na majembe yao, akaitoa mikono yote miwili nje ya leso.

"Mimi ni mpishi," akasema. "Hii mikono iliharibiwa na ukoma. Nilitibiwa nikapona zamani, siwezi kupatia mtu. Nitaleta chakula saa saba. Mwenye ataogopa asikule. Mwenye atakula, alipe."

Msimamizi akajikuna kichwa. Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya, kwa kukosa la kufanya. Mwingine akauliza, "Utaleta nini?"

"Githeri na kabichi. Ijumaa, nyama."

Siku ya kwanza walikula wachache, wengine wakaenda kununua mkate na soda dukani. Kuna waliokataa mpaka nyumba ikamalizika, nao walisema wazi wazi kwamba wanaogopa. Mama aliwapenda hao kuliko watu wote. "Huyu ananiambia usoni," alisema. "Huyu naweza kumjibu." Na aliwajibu. Aliwaeleza yale daktari aliyotueleza, kwa maneno yake mwenyewe, akiwa ameinama juu ya ndoo zake za chakula. Alishika vitu vya moto kwa vitambaa vinene nilivyomshonea, kwa maana mikono ya chuma ilikuwa imeshamharibia vidole. Kutoka nyumba hiyo akaenda nyingine. Mafundi walizibeba sifa zake kutoka msingi mmoja hadi mwingine, na baadhi yao walikuwa wakisali kanisani kwetu.

Ndipo mume wa mwenyekiti wa akina mama akafariki. Alikuwa mtu mkubwa kiwandani, watu wengi wangekuja matanga kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kwao upande wa mashariki. Wanawake wawili wa kanisa walikuja nyumbani kwetu, wakaketi ukingoni mwa viti, wakazungumza kuhusu mvua. Mwishowe mmoja akasema, "Mama, tunahitaji mtu wa kupika."

Mimi nilikuwepo. Nikasema kabla Mama hajafungua mdomo, "Mwenyekiti mwenyewe ndiye amewatuma?"

"Ako na majonzi," yule mwanamke akajibu. "Hatukumuuliza."

"Mwendeeni mkamuulize."

"Wewe," Mama akaniambia, "nenda uniletee kitambaa changu cha kichwa."

Alipika siku zile zote za matanga. Aliagiza kuni kavu, akawagawia wanawake kazi, huyu mchele, huyu nyama, yule asikaribie moto kabisa. Watu walikula wakaongezewa. Mchungaji alikula. Mwenyekiti, ndani ya nguo zake nyeusi, aliletewa sahani, akaishika mapajani muda mrefu, kisha akala kidogo kidogo mpaka akaimaliza. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta nikimwangalia kila kijiko. Nilikuwa nangoja. Nilidhani atanyanyuka, au ataita, au hata ataangalia tu upande wa jiko.

Alimpa msichana sahani tupu, akafuta midomo.

Na hivyo ndivyo ilivyoisha, kama imeisha. Tangu hapo Mama aliitwa kwa kila harusi na kila msiba. Mfereji wa ploti haukusuguliwa tena baada yake. Hakuna mkutano ulioitishwa, hakuna aliyesema tulikosea, mchungaji aliendelea na mahubiri yake ya ukoma wa dhambi, ila aliacha kukunja vidole. Shule ya Kajiado haikumtafuta. Wakati kidonda cha mguu kilipomzidi, muuguzi wa zahanati mpya, msichana aliyesoma juzi, alivaa glavu mbili mbili na kumwambia atupe kadi juu ya meza badala ya kumpa mkononi. Nikaanza kuongea. Mama akanizuia, akamweleza msichana yule mwenyewe, polepole, na msichana akavua glavu za juu, akabaki na jozi moja, ambayo ni sawa.

Siku ile tulipotoka matangani tulitembea pamoja kuelekea nyumbani, mimi nikiwa nimebeba sufuria yake ndogo ya mchuzi. Nilikuwa nimefura.

"Wamekula," nikasema. "Wamekula kama hakuna kitu walikufanyia. Hata asante ya maana hakuna."

"Ulitaka waseme nini?"

"Waseme walikosea! Mtu mmoja tu. Aseme, mama, tulikukosea."

Akatembea kidogo, akiuhurumia mguu.

"Mimi pia ningependa kusikia," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesamehe. Kisha lori la mchanga likapita likatufunika vumbi, tukasimama kando ya barabara, macho tumefumba, tukingoja litulie.